Kisu cha Mfukoni na Jiwe la Kukinolea

Ukikifungua kisu cha kukunja na kuliangalia bapa lake pale linapoingia kwenye mpini, mara nyingi utakuta herufi na tarakimu ndogo zimepigwa chapa: 440C, D2, 8Cr13MoV, 14C28N, S30V. Hilo ndilo jina la chuma. Muuzaji atakuambia bei imepanda kwa sababu ya jina hilo, naye hasemi uongo, maana visu viwili vya umbo moja na mpini wa namna moja vinaweza kupishana bei mara mbili au zaidi kwa sababu ya chuma tu. Wengi wetu hulipa bila kujua tunalipia nini. Leo nataka tuzisome herufi hizo pamoja, na nitasema mapema ninakoelekea. Kwa mtu anayeishi kwetu, hasa aliye karibu na bahari, chuma cha bei ya juu kabisa mara nyingi sicho kinachomfaa. Kinachomfaa ni kile anachoweza kukinoa kwa jiwe alilo nalo, na ambacho chumvi haitakila kikiwa mfukoni.

Tuanze na chuma chenyewe. Feleji ni chuma kilichoshika kaboni kidogo. Kaboni ikifika nusu ya asilimia moja hivi au zaidi, chuma hicho kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kikazimwa ghafla kwenye mafuta au maji, kinakuwa kigumu cha kutosha kushika makali. Kinakuwa pia rahisi kuvunjika, ndiyo maana hurudishwa kwenye moto mdogo, wa nyuzijoto 180 au 200 hivi, ili kitulie bila kupoteza ugumu wake. Ujuzi wa kutengeneza feleji haukuletwa kwetu na meli. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya wazee wa Kihaya, kule Kagera, waliojenga upya tanuri la mababu zao na kutoa chuma chenye kaboni, na juu ya mabaki ya matanuri ya kale yaliyofukuliwa katika eneo hilohilo, ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Na hadi leo mhunzi anayechukua springi ya gari chakavu akaifua iwe sime anajua vizuri anachokichagua: ile springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na ikizimwa inakaza.

Kisu cha feleji ya namna hii, kaboni bila nyongeza kubwa, bado kinatengenezwa na kuuzwa. Wafaransa wanacho kisu cha Opinel, kilichoanzia milima ya Savoie mwaka 1890, chenye mpini wa mti na bapa jembamba, na hadi sasa unaweza kukinunua kwa chuma cha kaboni ya asilimia 0.9 hivi. Wamarekani wana chuma wanachokiita 1095, ambacho nacho kina kaboni ya kiasi hichohicho. Vyuma hivi vina sifa moja ambayo vyuma vya gharama vinaitafuta bila kuipata: vinanoleka kwa jiwe lolote. Dakika chache kwenye kinoo na kisu kinanyoa nywele za mkono.

Shida yake ni kutu. Kata ndimu, kiache kisu mezani bila kukifuta, na hutakaa sana kabla hujaona doa jeusi. Kata embe bichi, utomvu wake utafanya vivyo hivyo, na kipande utakachokata baadaye kitakuwa na ladha ya chuma. Hapo ni ndani ya nyumba. Ukiwa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, upepo wenyewe umebeba chumvi, na jasho la mfukoni nalo ni chumvi. Watu hudhani kutu ni aibu ya sura tu, kisu kubadilika rangi. Sivyo. Ukingo wa makali yaliyonolewa vizuri ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na kutu huanza kula hapo kama inavyokula kwingine. Kisu chako kinaweza kulala kikali na kuamka butu, hujakata kitu.

Dawa ya kutu ilipatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akatengeneza mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13, kisha akagundua kwamba siki na maji ya ndimu havikifanyi kitu. Mji wake ulikuwa mji wa visu, kwa hiyo hakuwa na haja ya kutafuta mbali matumizi yake. Lakini visu vya mwanzo vilikuwa dhaifu, na mafundi wa Sheffield wakamcheka kuwa amevumbua kisu kisichokata. Chuma chake hakikuwa na kosa. Wahunzi walikuwa wakikipa moto waliouzoea, wa kama nyuzijoto 800, kumbe chuma cha kromiamu kinataka zaidi ya 1,000 ndipo kaboni iyeyuke ndani yake na kukikaza. Walipojifunza moto wake, chuma hicho, yaani stenlesi, kikatapakaa. Karakana ya Karl Elsener, iliyoanza Ibach, Uswisi, mwaka 1884, ilichukua jina la Victorinox mwaka 1921, baada ya stenlesi kuingia katika kazi yake, na visu vyake vyekundu vya mfukoni bado vina chuma cha jamii hiyohiyo.

Kromiamu hufanyaje kazi? Ikikutana na hewa, inajifunika utando mwembamba sana ambao jicho halioni, na utando huo ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe. Chumvi ndiyo adui yake mkubwa, kwa sababu huutoboa mahali padogo padogo na kuacha vishimo. Kwa hiyo hata stenlesi hushika kutu baharini, ila kwa taabu zaidi.

Hapa naomba msikilizaji unisikilize kwa makini, maana ndipo wanunuzi wengi hupotea. Watu wamefundishwa kuhesabu kromiamu: ikiwa nyingi, kisu ni salama. Chukua D2, chuma kinachopatikana sana siku hizi kwenye visu vya bei ya kati. Kina kromiamu asilimia 12 hivi, karibu sawa na ile ya Brearley, na bado ukikiacha na jasho mfukoni kitapata madoa. Sababu ni kwamba D2 ina kaboni nyingi, asilimia 1.5, na kaboni hupenda kushikana na kromiamu na kufanya chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Kromiamu iliyofungwa ndani ya kabaidi haifanyi tena kazi ya kuzuia kutu. Katika D2 karibu nusu yake imefungwa hivyo, kwa hiyo iliyobaki huru ni kama asilimia 6. Sasa chukua MagnaCut, chuma kilichotangazwa mwaka 2021 na Mmarekani Larrin Thomas, mtaalamu wa metali. Kina kromiamu chini ya asilimia 11, pungufu kuliko D2, na kinaishinda D2 mbali sana kwa kutu. Thomas alipanga mchanganyiko wake ili kaboni ishikane na vanadiamu na niobiamu, na kromiamu yote ibaki huru. Nakiona ni kazi ya akili kubwa, na nakitaja kwa heshima hata kama sitakupendekezea.

Sitakupendekezea kwa sababu ya hizo kabaidi za vanadiamu. Kabaidi ni chembe zilizotawanyika ndani ya chuma mithili ya kokoto ndani ya zege. Ndizo zinazozuia makali yasilike, na kadiri zinavyokuwa ngumu na nyingi, ndivyo kisu kinavyokaa muda mrefu bila kunolewa. Ila jambo linaloyazuia makali yasilike kwenye kamba na maboksi ndilo hilohilo linalozuia jiwe lisiyale unapoyanoa. Jiwe na kamba, kwa chuma, ni kitu kimoja.

Tuweke namba. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, chuma cha kisu kilichozimwa vizuri kina kama 700 au 800. Kabaidi za kromiamu ni 1,500 na zaidi kidogo. Kabaidi za vanadiamu ni zaidi ya 2,500. Sasa upande wa mawe: mchanga, yaani kwatzi, ni kama 1,100. Alumini oksidi, ile iliyomo kwenye vinoo vingi vya dukani, ni 2,000 hivi. Silikoni kabaidi, zile chembe nyeusi au za kijivu za kinoo cha pande mbili, inafika 2,500. Almasi imeziacha zote mbali.

Angalia jinsi nyumba zetu zinavyonoa. Jiwe la mchanga lililookotwa, ngazi ya saruji nje ya mlango, kitako cha kikombe pale pasipopakwa rangi. Katika jiwe na ngazi kinachofanya kazi hasa ni kwatzi. Kwatzi inalikwangua bapa la feleji ya kaboni bila shida. Kwa stenlesi ya kabaidi chache na ndogo, nayo inafanya kazi. Lakini mpe mtu kisu cha S30V, chuma cha unga, yaani kilichoundwa kwa unga wa chuma, kilichotoka kiwanda cha Crucible kule Marekani mwaka 2001, chenye vanadiamu asilimia 4, au ndugu yake S90V mwenye vanadiamu 9, kisha mwambie akinoe kwenye ngazi. Atasugua mpaka achoke. Mchanga utakula chuma laini kinachozizunguka kabaidi, na kabaidi zenyewe zitateleza tu, na makali yatabaki ya mviringo. Ataamini amedanganywa dukani, kumbe ameuziwa chuma kizuri bila jiwe lake. Anayenunua S90V ajue amenunua pia bamba la almasi.

Wanaokisifu chuma cha namna hii wanatazama vipimo vya maabara. Kuna mashine ya Sheffield, ya taasisi iitwayo CATRA, inayokatisha kisu kwenye kadi zilizochanganywa na mchanga wa kwatzi asilimia 5, na kuhesabu kadi ngapi zimekatika. Ni kipimo cha haki, na vyuma vya vanadiamu vinang'ara hapo. Lakini kinapima kulika peke yake. Makali ya kisu cha kila siku hayapotei kwa kulika tu. Hujikunja yakigusa mfupa au sahani, humeguka kisu kikianguka kwenye sakafu, huliwa na kutu. Na kisu kikiwa butu, swali la maana ni moja tu: je, mwenyewe anaweza kuyarudisha makali jioni hiyo, kwa kitu alicho nacho?

Ukitaka kumuona mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo, simama karibu na mmenyaji machungwa wa Dar es Salaam. Kisu chake ni cha bei ndogo, chuma chake hakina jina. Anamenya chungwa kwa mzunguko mmoja, ganda la juu linatoka, nyama nyeupe inabaki nzima bila tundu, na anafanya hivyo mchana kutwa. Kisu hicho kimenolewa mara nyingi hata bapa limekuwa jembamba sana, na wembamba ndio unaokata. Hili wauzaji hawalisemi, kwa sababu haliandikwi kwenye bapa. Kisu kinene cha chuma ghali kinapasua chungwa kama kabari, na kisu chembamba cha chuma cha kawaida kinapita. Kabla hujauliza jina la chuma, kishike kisu, kitazame kwa mbele, uone unene wa bapa juu kidogo ya makali. Ukiona ukingo mpana na mzito, jina zuri halitakuokoa.

Na jina halikuambii jambo jingine kubwa, moto. Chuma hichohicho, 440C kwa mfano, kikizimwa vizuri kinatoa kisu bora, na kikizimwa ovyo kinatoa kisu kinachojipinda kwenye mfupa wa kuku. Watengenezaji waaminifu hutaja ugumu wa kisu kwa kipimo cha Rockwell, kinachopatikana kwa kukandamiza ncha ya almasi kwenye chuma kwa uzito wa kilo 150. Visu vya mfukoni vya Victorinox vina 56. Vingi vya stenlesi nzuri viko kati ya 57 na 60, na vyuma vya unga hupanda hadi 62 na zaidi. Namba ya chini si dosari peke yake. Kwenye 56 makali hujikunja badala ya kumeguka, na makali yaliyojikunja yanarudi kwa kupitishwa mara chache kwenye kinoo. Wasiwasi uwe nao ukikuta kisu kimeandikwa "Stainless" tu, bila jina la chuma wala ugumu. Vingi vya hivyo vina kaboni ndogo sana, na hakuna moto utakaovikaza.

Moto huohuo unaweza kukiharibu kisu kikiwa tayari mikononi mwako. Mnoaji anayepita mitaani na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka ana ujuzi, na mimi nafurahi kusikia kengele yake. Lakini jiwe la kuzunguka likikandamizwa bila maji linatoa joto kali, na joto hilo linakusanyika pale pembamba kabisa, kwenye makali. Ukiona feleji ya kaboni imegeuka rangi ya samawati kwenye ukingo, ujue joto limefika karibu nyuzijoto 300, na ule ugumu uliolipiwa kiwandani umeondoka hapo. Kisu kitakuwa kikali siku ya kwanza na butu siku ya pili. Mwombe fundi, kwa heshima, achovye kisu majini kila baada ya kupitisha, na amalizie kwa jiwe la mkono. Kisu kilichokwisha ungua kinaponyeka kwa kusagwa polepole mpaka ile sehemu laini iishe, ila unakuwa umepoteza chuma.

Sasa, ningempa nani nini? Mtu wa pwani anayekata matunda, kamba za mizigo, maboksi, na pengine samaki, ningemtafutia 14C28N au 12C27, vyuma vilivyotokana na kiwanda cha Sandvik cha Sweden. 14C28N ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kromiamu 14, na nitrojeni kidogo inayosaidia ugumu bila kuifunga kromiamu. Kabaidi zake ni chache na ndogo mno, kwa hiyo inachukua makali membamba sana na inakubali kinoo cha kawaida. Bei yake si ya kutisha. Ndiyo chuma ninachokiamini kuliko vyote kwa maisha yetu, nami nasema hivyo nikijua kwamba mashine ya CATRA haitakipa ushindi.

Mvuvi na nahodha wana shida yao. Kwao kuna LC200N, chuma ambacho nitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, na ambacho jamaa zake hutumika kwenye beringi za vyombo vya angani. Kinakaa kwenye maji ya chumvi siku nyingi bila doa, na kwa kuwa hakina kabaidi kubwa kinanoleka kwa urahisi. Ni ghali na hakipatikani kila duka. Asiyekipata achukue stenlesi laini ya aina ya Victorinox, akisuuze kwa maji ya bomba kila akitoka baharini, na akikaushe kikiwa wazi, maana maji hujificha kwenye kiungo cha kukunjia.

Aliye bara, Dodoma au Iringa, ambako hewa haina chumvi, anaweza kujipa raha ya feleji ya kaboni au D2. Akipake mafuta ya nazi, tone moja tu. Asitumie alizeti, kwa sababu baada ya wiki chache hugeuka gundi na kisu kitakataa kufunguka. Mfanyakazi wa ghala anayefungua maboksi tangu asubuhi, na aliye na bamba la almasi, huyo ndiye S30V ilitengenezewa, na anunue bila wasiwasi.

Na kijana anayeanza, mwenye pesa kidogo, asione haya kuchukua kisu cha 8Cr13MoV, chuma cha China chenye kaboni ya asilimia 0.8 na kromiamu 13. Kimedharauliwa bure. Kikitoka kwa mtengenezaji anayejali moto wake, kinakata vizuri na kinanoleka upesi, na pesa atakayobakiwa nayo inatosha kinoo cha pande mbili, upande wa chembe kubwa na upande wa chembe ndogo. Aanze na upande wa chembe kubwa ikiwa kisu kimekuwa butu kabisa, alilaze bapa chini na kuliinua kidogo tu, nyuzi 15 au 20, apitishe kila upande kwa zamu huku akilinda pembe ileile, mpaka akisikia kwa kidole ule ukwaruzo mdogo wa chuma umejitokeza upande wa pili kwa urefu wote wa makali. Hapo ageuzie upande laini, apunguze nguvu za mkono, na aendelee mpaka ukwaruzo uishe.